Jiko Lisilo na Moshi

Bwana Afya aliichukia baridi. Ukitaka kumkumbuka, anza hapo: kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni, koti la kaki la serikali juu ya sweta, na blanketi juu ya koti. Alitoka Kusini, kwenye mikorosho, serikali ikamleta kwetu juu ya Bashay, ambako asubuhi za mwezi wa saba hata ng'ombe hawataki kutoka zizini. Watu walipomshangaa aliwaambia, "Mimi si mgonjwa. Nimekaangwa tangu utotoni, sasa mmenitumbukiza kwenye maji ya mtoni." Watoto walicheka, naye akacheka nao huku meno yakimgongana.

Jina lake nalijua, lakini kijijini hakuna aliyelitumia. Tulikuwa na Bwana Shamba, tukawa na Bwana Mifugo, na yeye akawa Bwana Afya. Wazazi wake ni akina nani, alizaliwa mwaka gani, hayo sikuwahi kumuuliza. Nasimulia habari zake kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba nilimkosea. Mama mkwe wangu nilimkosea kweli, hilo halina kuamini. Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, haikuachana naye. Fundo hili ni umbali wa choo na kisima, lile ni upana wa dirisha, na karibu na ncha palikuwa na uzi wa bluu ambao aliusogeza kutoka nyumba hadi nyumba. Uzi ule ulikuwa kiwiko cha mpishi. "Urefu wa jiko ni kiwiko cha anayepika, si kiwiko cha fundi," alisema. Kwenye mkutano aliwaomba akina mama wasimame wakunje mikono awapime. Wazee wakaguna. Mmoja akauliza tangu lini serikali inapima wanawake.

"Josho la ng'ombe mlilipima wapi?" Bwana Afya akamuuliza.

"Kwa ng'ombe, wapi tena!"

"Basi na mimi nampima mwenye jiko."

Wanawake walipiga vigelegele siku ile, na wanaume wakajifanya wanatafuta ugoro.

Upepo aliupima kwa majivu. Aliomba majivu kidogo kwa mwenye nyumba, akasimama uwanjani akiyarusha kwa vidole, asubuhi, mchana na jioni, siku tatu mfululizo. Ilikuwa lazima ajue moshi utaelekea wapi kabla hajachagua mahali pa kuchimba msingi. Mara moja majivu yalimwagikia kofia ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akauliza kama hiyo nayo ni siasa ya Ujamaa. "Upepo hauna kadi ya chama, Mzee," alimjibu kwa sauti ya chini. "Hauendi unakoambiwa." Tulishika midomo. Zama zile neno kama hilo lilitosha kumfanya mtu aulizwe maswali, lakini yeye alilisema kwa upole mno hata mwenyekiti mwenyewe akatabasamu.

Alikuwa na misemo yake. "Moshi ni mgeni asiyepiga hodi, na haagi." Huo aliusema kila nyumba. Mwingine ulikuwa, "Usiniambie ndiyo, nionyeshe." Huu wa pili naukumbuka kwa uchungu.

Sasa ajabu yake. Mtu huyu aliyehubiri moto utoke ndani ya nyumba, hakuna aliyependa kukaa kando ya mafiga kama yeye. Kila jioni, wakati wa kukamua, alipita kwetu "kukagua." Aliingia kwa ubavu, maana upande mmoja walilala ndama na yeye ng'ombe aliwaogopa hata wakiwa wachanga. Akikalia kigoda karibu na moto, ananyoosha mikono, anakohoa, machozi yanamtoka, na bado anasogea. Akishapata joto anasema, "Moto huu uondoke humu ndani."

Mama mkwe wangu hakujua Kiswahili. Alikuwa na maneno matano hivi, marahaba, chumvi, sukari, kodi na hapana. Kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani wao. Mama alikuwa akimjibu kwa Kiiraqw, bila kugeuza kichwa, "Mwambie kwanza aondoke yeye."

Nami nafasiri, "Anasema karibu sana."

"Mama ana maneno matamu," Bwana Afya alisema, akacheka kidogo, akajifunga blanketi lake na kuondoka.

Ndivyo nilivyoanza. Uongo wa adabu, kila jioni, na hakuna aliyeumia. Ulimi ukizoea njia, hauulizi tena inaelekea wapi.

Niseme na habari zangu kidogo, la sivyo hamtaelewa. Niliolewa pale baada ya mavuno ya mwaka ule wa jiko, kama yalistahili kuitwa mavuno. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, Dongobesh, na katika mstari wetu wa nyumba mimi peke yangu nilinyoosha Kiswahili. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Tulibaki wanawake wawili na moto mmoja, na moto ulikuwa wake. Nilipika mimi, lakini Mama alikaa nyuma yangu akisogeza kuni niliyokwisha kuiweka. Kila kitu cha moto niliomba ruhusa. Macho yaliniwasha, vitenge vyangu vya harusi vilinuka moshi, na nikienda Dongobesh niliona rafiki zangu wakivuta pua. Nilitaka jiko langu. Jiko lenye mlango, ambalo naweza kusimama wima ndani yake. Bwana Afya kabla hajafungua mdomo mimi nilikwisha kuwa upande wake.

Na Mama je, alitaka nini? Alitaka mbegu zake zifike msimu.

Kijiji kilikuwa kimehamishwa mwaka uliotangulia, kutoka matutani juu kuja chini barabarani, na mvua ikakataa. Tulikula unga wa mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyokuja kwa magunia na kunuka ghala. Mahindi ya kwetu yaliyobaki yalikuwa yale ya mbegu tu, yamefungwa jozi jozi kwa maganda yake na kutundikwa kwenye miti juu ya mafiga, meusi kwa masizi. Mbegu hiyo Mama alikuja nayo siku alipoolewa, kutoka kwa mama yake. Mashina mafupi, walisema, na yanakomaa kabla mvua haijakimbia. Zilikuwako siku tulizolala na uji mwepesi huku mahindi yale yananing'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyeyagusa. "Mbegu hailiwi," alisema Mama, "hata mtoto akilia." Nyumba nne za jirani zilikuwa zimekula mbegu zao kwa njaa. Zilikuja kumwomba, naye akaziahidi zote. Nyumba tano, basi, zilitegemea miti ile miwili juu ya moto wetu.

Kwa nini juu ya moto? Moshi ndio dawa ya mbegu. Fukusi hawasogei penye moshi. Kila mwanamke wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kusonga ugali, na mimi nililijua.

Siku aliyokuja kupima kwetu, Bwana Afya alikuwa na daftari, kamba, na furaha ambayo hakuweza kuificha. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua nyumba ya mfano, na yeye alikuwa ameichagua yetu. Upepo wa pale ulikuwa mzuri, na mkalimani yupo ndani ya nyumba. Akachora jiko zima uwanjani kwa kijiti. Hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyumba. Msingi wa mawe, ukuta wa matofali ya kuchoma. Jukwaa la kupikia lenye matundu matatu, kimo cha kiwiko. Hapa kuni, hapa mtungi, hapa kichanja cha vyombo. Na nyuma ya jukwaa dohani, bomba la matofali la kupandisha moshi wote mpaka juu ya paa.

Halafu akafanya jambo ambalo mtumishi mwingine yeyote hakuwahi kulifanya. Alichuchumaa mbele ya Mama, akauliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Mama aliuangalia mchoro kwa muda mrefu, akauzunguka, akaukanyaga kidogo palipokuwa mlango. Akasema, "Ni zuri. Silikatai. Lakini moto ukitoka ndani sasa, mbegu zitaliwa. Mwambie angoje tupande kwanza. Mvua ikinyesha tukishapanda, mafiga nitayatoa mimi kwa mikono yangu."

Miezi miwili. Hilo tu ndilo aliloomba. Na mimi wakati ule nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya kamba.

"Anasema ni zuri," nikamwambia. "Muanze hata kesho."

Bwana Afya alimtazama Mama, akanitazama mimi. "Hayo tu? Mbona kasema mengi?"

"Lugha yetu ndivyo ilivyo, Bwana Afya. Inazunguka."

"Haya," akasema, akafunga daftari.

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema hawezi kungoja. Ni amri ya wilaya."

Hakubishana. Amri za wilaya alikuwa amekwisha kuziona, ndizo zilizomtoa matutani. Aliingia ndani, nikasikia akihesabu jozi zake kwa sauti ndogo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa miezi miwili itakuwa miaka miwili. Niliogopa Bwana Afya atahamishwa, jiko liende kwa mwingine. Na niliona haya, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Msomi amechora kwa vipimo, halafu mimi niseme kwetu mbegu zinaishi kwenye moshi? Nilijiona na darasa langu la saba kama mtu wa upande wake. Najuta. Sina neno jingine zuri zaidi ya hilo.

Lakini sitadanganya kwamba sikufurahi. Wiki tatu za ujenzi ule nilikuwa na raha kuliko siku ya harusi yangu. Wanaume walileta mawe, wanawake tukachota maji na kukanda udongo kwa miguu, tukiimba. Bwana Afya alivua blanketi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akashika mwiko wa fundi yeye mwenyewe. Kila tofali aliligonga mara mbili kwa kishikio, akiliwekea sikio. Alibomoa kona nzima kwa sababu timazi ilikataa, na fundi wa kijiji akakasirika akaenda zake nusu siku. Jukwaa lilipofika kimo, aliniita nikasimama, nikakunja mkono, akausogeza uzi wa bluu. Mama alikataa kupimwa. "Mimi sipiki nje," alisema, na hilo nililifasiri sawasawa.

Alinisimulia habari za mama yake siku ile ya dohani, akiwa juu ya ngazi, mikono imejaa udongo. Alikuwa amerudi nyumbani Kusini kutoka chuoni, na nguo mpya nyeupe. Mama yake akampapasa uso, akauliza, "Wewe ni yupi kati ya wanangu?" Macho yalikuwa yamekwisha kwa moshi. "Huko nilikopita nimejenga majiko kumi na moja, Bibi Harusi," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, na hakuacha kuniita hivyo. "La kwake sikuwahi." Nikampa tofali.

Paa liliezekwa kwa madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa. Siku ya kuwasha, kijiji kizima kilikuja. Moshi ukasitasita ndani ya dohani, kisha ukapanda, ukatoka juu mweupe, na ndani ya jiko hakuna aliyekohoa. Watu walipiga makofi. Bwana Afya aligeuka ukutani akajifuta uso kwa kofia yake. Kisha akaingia nyumbani, akatoa mafiga mawili, mimi nikatoa la tatu. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe mlangoni na mikono yake mapajani. Sakafu ilisiribwa kwa samadi na udongo, pakalainika, usingejua kama paliwahi kuwa na moto. Wakubwa walikuja, wakaandika, wakasifu, wakaondoka na vumbi lao.

Jioni ile nilipendekeza tuhamishie mbegu jikoni. Mama aliingia, mara ya kwanza na ya mwisho. Akatazama juu kwenye madebe yanayong'aa, akatazama dohani. "Moshi uko wapi?" akaniuliza. Akatoka.

Tungeweza kuwasha moto ndani kwa siri? Mgambo walipita kukagua kila wiki, na nyumba ya mfano ndiyo iliyokaguliwa zaidi. Mama alizipangusa mbegu kila siku kwa kitambaa, akazianika juani, akazitia majivu. Alipigana peke yake.

Mvua iliponyesha, majirani wanne walikuja na vibuyu vyao. Mama alishusha jozi ya kwanza, akaanza kupukuchua kwenye ungo. Zilianguka punje zenye matundu, nyepesi, na fukusi wakatembea juu ya vidole vyake. Akashusha nyingine. Akashusha zote. Alikung'uta gunzi la mwisho na kilichotoka ni vumbi. Hakulia. Aliwaambia wale wanawake, "Nisameheni," yeye, aliyekuwa hana kosa lolote. Ee Mungu wangu. Nilisimama pale na vidole vyangu visafi.

Msimu ule tulipanda mahindi ya njano ya gunia la msaada. Yalirefuka, yakapendeza, mvua ikakatika kabla hayajabeba. Njaa ikarudi katika nyumba zote tano.

Kwenye mkutano wa kijiji watu walisema kwa hasira. Mama akasimama, mwanamke ambaye hajawahi kusema mkutanoni, akasema kwa Kiiraqw na katibu wa kijiji akafasiri, "Nilimwambia angoje tupande. Akakataa. Muulizeni."

Watu wote wakamgeukia. Na yeye akanigeukia mimi. Nilitazama chini. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nikajishika tumbo kama kwamba ndilo lililokuwa linaulizwa. Nikasubiri aseme, "Mkalimani wangu huyo hapo."

"Ni kweli," akasema Bwana Afya. "Kosa ni langu." Akaketi, akavuta kofia.

Haukupita mwezi akahamishiwa upande wa Basotu. Asubuhi ya kuondoka alipita kuaga, lori likimsubiri barabarani. Nilitaka kumwambia asante, nilitaka kumwambia nisamehe. Yeye akasema tu, "Bibi Harusi, dohani lisafishwe kila mwezi."

Nililisafisha kila mwezi. Nilipanda ngazi na mimba, nilipanda na mtoto mgongoni. Moyoni nilijiambia mtu yule alibeba aibu yangu mbele za watu, basi angalau jiko lake litunzwe. Mama aliishi miaka sita mingine. Hakupika mle. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni nikampokeza sahani, akala, akanirudishia sahani. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na mara nyingi nilitamani anilaumu. Siku moja ya baridi, karibu na mwisho wake, aliniuliza, "Yule mtu wa blanketi yuko wapi siku hizi?"

"Sijui, Mama."

"Alikuwa na masikio mazuri," akasema. Nilidhani anaitania kofia yake.

Miaka ilipita. Mwanangu yule wa kwanza akawa mwalimu, akapangiwa Katesh, nami nikawa nakwenda kuona wajukuu. Ilikuwa siku ya soko, jua kali, watu wamevua mpaka makoti, na mbele ya duka la mahindi nikaona mzee amejifunga blanketi na kofia ya sufu mpaka masikioni. Nilicheka peke yangu njiani, halafu nikamsogelea.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba," akasema, akaniinamia kunitazama. "Ah! Bibi Harusi!" Mimi nina mvi kichwa kizima.

Alikuwa amestaafu. Alikuwa ameoa katika ukoo wa wafanyabiashara pale pale Katesh na hakurudi tena Kusini, na kwa baridi bado alikuwa anailaumu serikali. Akanipeleka kwake, nyuma ya maduka, akanitengenezea chai kwa mikono yake, yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikaona nisipolisema leo nitakufa nalo. Nikamwambia yote. Mama alichosema, nilichofasiri, na uongo wa pili niliompa Mama. Nikamwambia nimejua siku zote kwamba alinificha pale mkutanoni, na kwamba sijawahi kumshukuru.

Alikizungusha kikombe chake, akangoja chai itulie.

"Bibi Harusi," akasema, "nilikuwa nimekaa kwenu miaka mitatu. Neno la kwanza la Kiiraqw mtumishi kujifunza kule ni ngoja. Kila nyumba niliyoingia niliambiwa ngoja. Mbegu nalo nililijua. Na 'mwambie aondoke' nililijua kuliko yote, maana mama yako alinifundisha kila jioni."

Nikamgeukia.

"Ulisikia?"

"Nilimsikia yeye, nikakusikia wewe. Ulipomgeukia ukamwambia nimekataa, hilo nalo nililisikia."

"Mbona hukusema?"

"Wilaya walikuwa wanakuja. Nami nilitaka jiko moja lisimame sawasawa kabla sijahamishwa. Wewe ukanipa ndiyo, nikaipokea." Akaweka kikombe chini. "Mkutanoni sikukuficha. Mama alisema kweli kwamba aliniambia nikakataa. Nikakubali. Wewe hukuwa umeulizwa."

Nilikasirika, kwa nini nifiche? Zaidi ya miaka ishirini ya kupanda ngazi na ufagio kwa ajili ya mtu huyu! Halafu hasira ikakosa pa kukaa. Masikio mazuri, Mama alikuwa amesema. Alijua. Aliondoka duniani akijua kwamba walikuwako watu wawili walioelewa maneno yake, na wote wawili walimgeuzia kisogo.

"Njoo uone," akaniambia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko. Msingi wa mawe, matofali, jukwaa, kona zilizonyooka kama kawaida yake. Lakini kwenye dohani palikuwa na kipande cha bati chenye kishikio. Akakisukuma, dohani likazibika, na moshi ukarudi, ukapanda taratibu mpaka kwenye miti iliyopita chini ya paa. Akakivuta, moshi ukatoka nje. "Ukipika unafungua. Ukimaliza unafunga, unaziachia mbegu moshi wake," alisema. "Bati la debe moja. Kazi ya nusu saa. Kama ningengoja, ningelifikiria."

Juu ya ile miti yalining'inia mahindi, jozi jozi, meusi kwa masizi. Alikuwa ameyatafuta kila mahali, Dongobesh, Basotu, Mbulu mjini, kwa wazee wa matutani. Kila aliposikia kuna mtu ana mbegu ya zamani, alimtumia mtu au alikwenda mwenyewe. Alichukua kijiti chenye ndoano, akashusha jozi moja, akaipangusa masizi kwa ncha ya blanketi na kuniwekea mkononi.

"Ya mama ilikuwa fupi, inakomaa mapema," akasema. "Itazame vizuri. Ni hii?"

Niliigeuza. Nyeupe, ina punje chache nyekundu upande wa chini. Nilikuwa nimepika chini ya mbegu za Mama tangu nilipoolewa, na shambani sikuwahi kuziona maana nilikuja baada ya mavuno. Kila siku zilikuwa juu ya kichwa changu. Niliinua uso kufuta machozi ya moshi tu.

Alikuwa ananitazama, mdomo umefunguka kidogo. Ndiyo moja tu, na mzee angelala vizuri.

"Sijui, Bwana Afya," nikamwambia. "Sikuwahi kuzitazama."

Alitikisa kichwa polepole. Akaichukua ile jozi mkononi mwangu, akaitundika mahali pake, akashusha nyingine.

"Na hii?"